Sebule Iliyolambwa

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Dorika kaondoka! Kapanda basi la asubuhi kwenda Kilimatinde kwa mdogo wake Theodora, aliyejifungua mtoto wa kiume. Atarudi Ijumaa. Maagizo aliyaanzia jikoni, akaendelea nayo barabarani, na mengine akayatolea dirishani basi likiwa limeshawaka. Kuku wasilale nje. Maziwa yasiachwe jikoni. Na kubwa kuliko yote, Ezekieli fundi rangi anakuja kesho kupaka sebule. Nimfungulie mlango, nimpe chai, nisimwelekeze kazi. Hilo la kutomwelekeza alilirudia kwa sauti. Abiria wakanitazama.

Jumamosi ndiyo siku yenyewe. Wanakuja watu wa Ikungi kumposa binti yetu Eliana. Kijana anaitwa Innocent, wanafundisha naye shule moja, na sina neno naye. Neno liko kwa baba yake mkubwa, Mzee Zefania, atakayeongoza ujumbe. Mfugaji. Hacheki ovyo na anaangalia kila kitu. Eliana kaniambia kwa simu kwamba mzee huyo aliwahi kuinuka katikati ya posa ya mtoto mwingine wa nduguye, akachukua fimbo yake, akaondoka, kwa sababu tu nyumba haikumkaa moyoni. Binti yangu hakulia, lakini sauti yake ilikuwa ndogo. Anampenda huyo Innocent, na mimi sitaki mtu yeyote achukue fimbo yake sebuleni kwangu.

Na sebule yetu, jamani! Rangi ya chai ya maziwa iliyopoa. Mafuta ya vichwa vya wageni yamepanga mstari ukutani kuanzia mlangoni hadi kabatini.

Sasa siri yangu. Ezekieli nimeshampigia. Nimemwambia shughuli imeahirishwa, atafute kazi nyingine. Nitapaka mwenyewe!

Sababu ya kwanza ni Calist, jirani yangu. Mwaka huu kaleta fundi kutoka Dodoma, kapiga skimu kuta zikawa laini kama sahani, kaweka jipsam yenye maua darini. Tangu hapo mtu hakaribishwi barazani kwake. Lazima uingie ndani, uketi, uangalie juu. Nimeangalia juu mpaka shingo inauma. Anayo mizinga yake ya nyuki nyuma ya uzio wetu, karibu na choo chetu, na sijawahi kulalamika. Lakini jipsam imenishinda.

Sababu ya pili ni Dorika mwenyewe. Tulipooana tulikuwa na nyumba ya udongo. Alisiriba kuta kwa mikono yake, tumbo la Eliana likiwa mbele, akinikataza kusaidia kwa kuwa nilikuwa nazibomoa. Siku ile nilimwambia kwamba nitamjengea nyumba ya tofali, na sebule yake nitaipaka nyeupe kwa mkono wangu. Tofali zipo. Nyeupe bado. Nampenda mama huyu, basi, na Jumamosi nataka akae kwenye weupe wake kama mama mzaa bibi harusi.

Pesa ya fundi haikupotea. Nimemnunulia kitenge kile cha bluu alichokishika dukani akakirudisha. Iliyobaki nimejinunulia kofia yenye ukingo mpana. Baba wa bibi harusi hakai kichwa wazi.

Jumanne, 9 Septemba

Nimeamka na jogoo. Shati la kazi, wimbo wa kwaya, na kofia mpya ili ianze kunizoea. Nikatoa kila kitu nje: makochi, kabati la vyombo, televisheni, picha ya ndoa. Vyote chini ya mwarobaini. Kuku wakahamia kwenye makochi papo hapo. Nimewafukuza, wamerudi. Nimewaacha.

Ezekieli huanza kwa msasa. Kisha anafuta vumbi. Kisha anaosha. Kisha anasubiri! Nimewahi kumtazama akifanya kazi na najua siri yake: yote hayo ni kupoteza muda ili mteja aone fundi amechoka. Nimeyaruka. Nimefungua ndoo, nimekoroga, nimepaka.

Ukuta wa mlangoni ukatoka mweupe pe! Nilisimama mbele yake nikajipongeza kwa sauti. Mtu aliyewakatia abiria tiketi stesheni maisha yake yote, bila kufundishwa na yeyote! Nikajipiga picha nao.

Ukuta wa pili ulihitaji kwenda juu. Nikapandisha kiti juu ya meza, nami nikapanda juu ya kiti, na ndoo nikaiweka mezani pembeni. Simu ikalia. Dorika. Aliuliza Ezekieli anaendeleaje. Nikasema vizuri sana. Akataka nimpe simu azungumze naye. Nikasema fundi yuko juu, hawezi kushuka. Uongo haukuwa mkubwa. Mtu aliyekuwa juu alikuwepo. Akasema nimwambie asisahau pembeni. Nikasema sawa, nikarudisha simu mfukoni, na mguu wangu ukashuka kutafuta meza ukapata ndoo.

Siwezi kuandika yaliyofuata kwa ukamilifu. Rangi ilifika hadi chini ya mlango wa chumbani. Sakafu yetu nyekundu, ile Dorika anayoing'arisha kila Jumamosi, ikawa nyeupe. Iliyobaki kwenye ndoo haipaki hata dirisha.

Ningeweza kwenda Manyoni kununua ndoo nyingine. Tatizo, pesa yake nimeivaa kichwani.

Calist akatokea dirishani. Aliniangalia mguu, mweupe mpaka gotini. Akasema kwa upole kwamba fundi wake aliacha nusu ndoo ya rangi hiyo hiyo, niichukue tu, kwake haina kazi. Yaani sebule yangu ipakwe makombo ya sebule yake! Nikamwambia sihitaji, na kwamba mjini siku hizi wanapaka sakafu nyeupe, yeye ndiye kapitwa. Calist akaitazama sakafu. Kisha akainua macho taratibu akatazama dari yangu, ambayo haina kitu. Alikusudia.

Jumatano, 10 Septemba

Asubuhi nzima nimesugua sakafu. Sasa ina mabaka ya ng'ombe. Nitasema ni mtindo.

Kisha nikapata wazo! Nilikuwa nimekaa kochini na kuku mmoja, nikitazama kule bondeni mbugani, na mbuga yenyewe inang'aa nyeupe juani. Nyeupe! Udongo mlaini kama unga wa sembe, umelala pale bure tangu dunia iumbwe, na mimi nahangaika na ndoo za dukani. Bibi zetu walipaka nyumba kwa udongo na nyumba zikapendeza. Nikachukua baiskeli na gunia.

Kule nikamkuta Rukaiya, mama mfugaji wa kitongoji cha chini, akichimba udongo huo huo kwa ajili ya mifugo yake. Tukasalimiana vizuri. Akauliza siku hizi nafuga mbuzi wangapi. Nikasema sina hata mmoja. Akauliza udongo wa nini basi. Nikasema wa kupaka sebule. Rukaiya akaweka jembe chini. Akaketi. Akacheka hadi akafuta machozi kwa pembe ya mtandio, akasema jambo kwa Kigogo ambalo sitaliandika hapa. Halafu akaniuliza kama sijui kwamba udongo ule una chumvi, ndiyo maana watu wanawapelekea wanyama walambe.

Najua! Nimezaliwa Kintinku hii hii, nitakosaje kujua? Lakini wanaolamba ni mbuzi na ng'ombe, na mbuzi na ng'ombe hawakai sebuleni. Nilimweleza hivyo, kwa heshima. Alinisaidia kufunga gunia, bado anatikisika mabega. Watu wengine hawana mawazo ya maendeleo.

Kitu kimoja nilikishangaa. Pale penye unyevu nyuki walikuwa wamejaa tele, wanafyonza matope. Sijui walitafuta nini mahali pasipo na ua hata moja. Nikaondoka taratibu wasinione.

Nyumbani nikachanganya: udongo, maji, na ile rangi kidogo iliyobaki. Nikapaka kuta zote tatu zilizobaki kwa mkono wa kwanza na wa pili. Ooh! Nyeupe kuliko rangi ya dukani! Nyeupe kuliko ya Calist! Jua la jioni lilipoingia dirishani ilibidi nifumbe macho. Nilimwita Calist aje aone. Aliingia, akatazama, akanusa kidogo, akauliza ni rangi ya kampuni gani. Nikasema ya hapa hapa nyumbani. Akaniomba radhi, akasema ana mbuzi wa kufungia. Wivu mtupu.

Alhamisi, 11 Septemba

Eliana kafika kutoka Ikungi. Shikamoo baba, marahaba mwanangu, mzigo chini, macho ukutani. Alisema pamependeza! Alisema kweli! Akanikumbatia, na mimi nikaona nimefanikiwa kila kitu maishani. Kisha akaegemea ukuta kuvua viatu. Alipoondoka, mgongo wa gauni lake ulikuwa mweupe, na ukuta ulikuwa na umbo la mgongo wake.

Akauliza nimepaka nini. Nikasema rangi ya kisasa, haijakauka. Akasema ukuta unatoa jasho. Nikatazama. Ni kweli, kulikuwa na vitone vidogo, kama mtu mwenye homa. Nikafungua mlango na madirisha yote upepo upite.

Hapo ndipo alipoingia mbuzi wa kwanza.

Alikuwa beberu wa Calist. Nilikuwa uani nikipiga makochi vumbi, nikasikia mlio wa brashi sebuleni. Nikajiuliza ni nani anapaka. Kuingia, beberu kasimama kifua mbele, ulimi nje, kalamba sehemu ya ukubwa wa sinia. Macho kayafumba kwa utamu. Nikampiga na kofia. Akaniangalia, akarudi kulamba.

Nikamtoa kwa pembe hadi kwa mwenyewe. Nilimwambia Calist kwamba namfahamu, kwamba amemtuma beberu makusudi aniharibie siku ya mwanangu. Calist akasema beberu hatumwi. Akasema pia, kwa ile sauti yake ya upole inayoniudhi, kwamba Rukaiya amepita kisimani asubuhi, na sebule yangu inajulikana hadi stesheni. Niliporudi nyumbani nikakuta wengine. Wa Rukaiya walikuwepo. Wa mchungaji walikuwepo. Kondoo mmoja simjui ni wa nani. Walijipanga ukutani kwa utulivu ambao sijauona hata kanisani, na Eliana katikati na ufagio, anawabembeleza watoke.

Mlango ukifungwa, ukuta unatoa jasho. Mlango ukifunguliwa, mbuzi. Nimeketi kizingitini mchana wote na fimbo, huku wao wamekaa barabarani wananiangalia. Eliana aliniletea uji. Aliniuliza polepole kama mama anajua. Nikasema ni zawadi ya kumshangaza. Akasema atashangaa.

Ijumaa, 12 Septemba

Asubuhi nilikuwa na dawa. Mbuzi hapendi kilicho kichungu wala kikali. Nikachemsha majani ya mwarobaini sufuria nzima, nikasagia pilipili kichaa za bustani ya Dorika, nikapaka juu ya weupe kuanzia chini hadi kifuani. Akili!

Weupe umegeuka kijani cha mbali. Pilipili imepanda hewani. Eliana kapiga chafya mpaka kafukuzwa na chafya zenyewe hadi uani. Mimi nilijifuta jicho kwa mkono ule ule, na kwa muda mrefu sikuona kitu. Nilipoona tena, beberu wa Calist alikuwa ndani, analamba, anakohoa, analamba. Dawa imemuongezea hamu.

Katika hali hiyo ndipo Dorika alipofika.

Alisimama mlangoni na kikapu chake. Mimi jicho moja jekundu, kofia mkononi, beberu pembeni yangu. Aliangalia sakafu yenye mabaka. Aliangalia kuta. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga kelele. Aliuliza kitu kimoja tu, Ezekieli yuko wapi. Nikasema nimesikia yuko Manyoni, kapata kazi kubwa. Akaweka kikapu chini, akaenda ukutani, akapitisha kidole, akakiweka ulimini.

Kisha akatoka nje, akamsogeza kuku, akaketi kochini chini ya mwarobaini. Akaanza kucheka. Alicheka vizuri sana, nami nikaanza kucheka naye, nikaona tumepona. Ghafla nikagundua kwamba yeye hacheki tena. Alikuwa analia. Alisema watu wa Ikungi wanakuja kesho. Alisema yule mzee ataona nyumba yenye magamba, atasema mtoto katoka kwa watu wa ovyo, na Eliana hatasema kitu, atanyamaza tu kama anavyonyamazaga tangu mdogo, na kunyamaza kwake ndiko mama yake asikokuweza.

Nilijisikia vibaya kuliko siku zote za ndoa yetu. Nikamwambia yote. Nikamwambia kuhusu nyumba ya udongo na mikono yake, na neno nililolisema siku ile. Nikamletea kitenge. Alikishika, akakigeuza, akauliza pesa imetoka wapi. Nikasema ni ya Ezekieli. Akaangalia kofia. Nikasema ndiyo, na hiyo.

Halafu akasema neno lile nalikumbuka mimi peke yangu, yeye alishalisahau zamani, kwa sababu siku ile alikuwa anataka tu nitoke pale niache kubomoa ukuta. Akafuta uso kwa kitenge kipya. Akaniamuru nifunge mlango.

Calist akaja na nusu ndoo yake, bila kuitwa. Safari hii nilikuwa tayari kuipokea kwa mikono miwili. Dorika akamshukuru, akasema rangi haitashika juu ya chumvi, itabanduka kabla ya wageni kuvua viatu, iacheni. Badala yake katoa vitambaa vyake vya kudarizi, vile vya kabatini visivyoguswa na mtu, akaviangika juu ya kila sehemu iliyolambwa. Calist akashika misumari. Kisha akasema ngoja, akapita nyumba kwa nyumba akiwaomba watu wafunge mbuzi wao kesho hadi wageni waondoke. Mpaka kwa Rukaiya alifika. Alirudi jioni na vumbi miguuni, akasema wote wamekubali, beberu wake atalala na kamba mbili.

Sijui niseme nini juu ya Calist. Jipsam yake, kwa kweli, si mbaya.

Jumamosi, 13 Septemba

Niandike haraka kabla sijalala. Ee Mungu!

Saa ya wageni kijiji kizima kilikuwa kimya. Hakuna mbuzi barabarani. Sebule imefagiliwa, makochi yamerudi ndani, vitambaa vimening'inia, Dorika ndani ya kitenge cha bluu, na kwa kweli alipendeza hadi nikamsahau Mzee Zefania kwa dakika kadhaa. Nilikuwa nimepanga kila kitu. Mzee atakaa akiutazama ukuta wa mlangoni, ule wa rangi halisi. Ule mwingine utakuwa mgongoni kwake.

Gari likafika. Akashuka Innocent, akanisalimu shikamoo huku ameinama. Akashuka shangazi yake, Mama Emiliana. Akashuka Mzee Zefania, mrefu, fimbo, macho. Na nyuma ya gari wakamshusha mbuzi.

Mbuzi! Tulifunga mbuzi wa kijiji kizima, wageni wakaja na wa kwao! Eliana akanong'ona kwamba ukoo wao ndivyo ulivyo, ujumbe haubishi hodi mikono mitupu, hubisha na mbuzi jike, na alidhani mama anajua. Dorika alidhani mimi najua. Mimi nilikuwa najua habari za rangi tu.

Tukamfunga kwenye nguzo ya baraza. Nilikagua fundo mwenyewe.

Ndani, mambo yalikuwa magumu tangu mwanzo. Mzee Zefania aliketi kama nilivyopanga, lakini hakutulia. Mama Emiliana alikuwa akichungulia mlangoni kila mara, akikunja uso. Mara alitoka, nikamwona anamsogezea mbuzi majani. Akarudi akamnong'oneza mzee, mzee akakaza mkono kwenye fimbo. Nikajua wameona kuta. Jasho likanitoka kama ukuta wenyewe. Nilimtazama Eliana aliyekaa mkekani, ameinamisha kichwa, vidole vyake vikisokota pindo la kanga. Nikaomba kimoyomoyo nipewe aibu mimi, asipewe yeye.

Mzee akaanza kusema kwamba wamefika, ila kuna jambo linawatatiza, na yeye si mtu wa kuficha.

Hapo mlangoni kikaingia kichwa cha mbuzi. Kamba shingoni, nguzo hana. Nilifunga vizuri, nasema tena! Akapita katikati ya wageni bila kumgusa mtu. Akazunguka kochi la mzee. Akakidaka kitambaa cha Dorika kwa meno, akakishusha, akaanza kulamba ukuta.

Ulimi tu ulisikika. Alilamba kwa bidii, akishuka chini, akipanda, na chini ya ulimi chai ya maziwa ikaanza kuonekana.

Mzee Zefania akainuka na fimbo yake. Eliana akafumba macho. Dorika akanishika mkono, kwa nguvu, na sikujua kama ananifariji au ananivunja.

Mzee akaenda ukutani. Akamtazama mbuzi kwa muda. Akalowesha kidole, akagusa ukuta, akaonja. Akamwita Mama Emiliana. Naye akaonja. Innocent akaonja. Dereva wao, ambaye hata hatukumtambulisha, akaja akaonja.

Kisha mzee akageuka, na alikuwa anacheka! Alikuwa na mapengo mazuri. Akasema mbuzi yule hajagusa kitu tangu jana. Wametoka naye Ikungi amegoma kula, amegoma kunywa, wamesimama njiani kumbembeleza, hataki. Kwao mbuzi wa hodi akifika anagoma, ni aibu ya waliomleta. Inaonekana wamewaletea watu mgonjwa, au posa yenyewe haina moyo. Alikuwa ndiyo anataka kuomba radhi na kuomba siku nyingine, kabla ya sisi kuona. Na sasa, tazameni! Anakula nyumba!

Mama Emiliana akapiga vigelegele. Akaleta majani. Mbuzi akayala yote, akanywa maji beseni zima, akarudi ukutani. Mzee akaketi, safari hii akajiegemeza vizuri, mgongo wote kwenye chumvi, akasema nyumba iliyomwekea mgeni wake chakula hadi ukutani hataitafuta nyingine. Posa ikapita kabla wali haujaiva. Eliana hakunyamaza. Alicheka, akalia, akamwangalia Innocent mbele ya wazee bila aibu yoyote, na nikajifanya natafuta kofia.

Mzee aliniuliza nani alipata wazo la ukuta ule. Nikakohoa. Nikasema tulifikiria tu kwamba hamtakuja peke yenu. Dorika alinikanyaga mguu chini ya meza, lakini si sana.

Jumapili, 14 Septemba

Kanisani wote wananiita Baba Chumvi. Hata mchungaji, baada ya ibada. Nilitaka kukasirika, lakini Rukaiya kanitumia maziwa kwa mtoto wake, pamoja na salamu kwa ukuta.

Wageni waliondoka na mgongo mweupe, kila mmoja. Calist alikuja kula kiporo. Tulikaa naye barazani. Nilimwambia asante, kwa sauti ya chini. Akasema haina neno. Kisha akasema dari yangu, ikipata jipsam kidogo, ingependeza. Nikanyamaza. Nimekua.

Jioni Dorika alizunguka sebule peke yake. Kaamua kuta tatu zikwanguliwe na Ezekieli, zioshwe, zipakwe upya. Lakini ule wa mlangoni, niliopaka mwenyewe kwa rangi yenyewe, kasema ubaki hivyo hivyo. Una mistari ya brashi, una unywele wa brashi umeganda katikati, na pembeni sikufika. Kasema usiguswe. Akavuta kiti akakaa ameutazama, na kitenge chake cha bluu, mpaka nilipomletea chai. Nilifurahi kuliko siku niliyopewa saa ya kustaafu.

Jumatatu, 15 Septemba

Ezekieli kaja. Dorika kamwomba radhi kwa niaba yangu, nami nikamwomba radhi kwa niaba yangu pia. Anakwangua. Nilikaa naye kumwelekeza kidogo, Dorika akanitoa. Nikaenda uani.

Mawazo huja mtu akitolewa. Harusi ni Desemba. Watakuja watu wengi, na choo chetu cha nje kuta zake ni tofali tupu, aibu. Na kwenye stoo nina zaidi ya nusu gunia la udongo ule, safi, mweupe, umekaa tu! Kutupa ni dhambi. Nimefikiria kwa makini safari hii, maana mtu hujifunza. Kosa la sebule lilikuwa mlango wazi. Choo kina mlango wa bati wenye komeo, mbuzi hawezi kufungua komeo. Hakuna hatari yoyote iliyobaki. Tundu la hewa juu ni dogo, kiganja tu.

Dorika anapanda Kilimatinde tena Jumatano kumpelekea Theodora nguo za mtoto. Atalala huko. Atakaporudi atakuta choo kinang'aa! Nimeshalowesha udongo kwenye ndoo, nimeifunika nyuma ya choo asiione.

Calist kanikuta pale, akachungulia ndoo, akachungulia mizinga yake upande wa pili wa uzio, akauliza kama nimefikiria vizuri. Nyuki wachache walikuwa wameshatua kwenye ukingo wa ndoo, nikawapungia kofia wakaondoka. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nyuki anataka maua, mtoto mdogo anajua hilo, na chooni kwetu hakuna ua hata moja.